Anayeutaka urais ni nani: mgombea au rafiki yake?

Na Mwandishi Wetu

Machi 2015, Dodoma. Nyumbani kwa Edward Lowassa, wakati huo mbunge wa Monduli, wageni wanapishana getini. Leo wameingia masheikh kutoka Bagamoyo, kesho wachungaji, keshokutwa wanafunzi wa vyuo, kisha vijana wa bodaboda. Ombi lao ni moja: mzee, tunakuomba uchukue fomu. Baadhi yao wana bahasha mkononi, mchango wa kulipia fomu hiyo.

Fomu yenyewe ilikuwa haijaanza kutolewa. Na mwenye nyumba alikuwa na sababu ya kujihadhari na kujinadi. Februari 2014 Chama Cha Mapinduzi kilikuwa kimemfungia miezi 12 kwa kosa la kuanza kampeni kabla ya wakati, yeye pamoja na Frederick Sumaye, Bernard Membe, Stephen Wasira, January Makamba na William Ngeleja. Chama kiliona makundi hayo ya Dodoma na kikakunja uso. Nape Nnauye, aliyekuwa Katibu wa Itikadi na Uenezi, alionya kwamba mambo hayo yanaweza kumponza mhusika.

Jibu la kambi ya Lowassa lilikuwa jepesi na gumu kulipangua: hakumwita mtu, watu wamekuja wenyewe. Msemo kwamba kuwazuia ni sawa na kuzuia mafuriko kwa mikono ukaenea nchi nzima ndani ya wiki chache, ukaandikwa kwenye fulana na kutaniwa vijiweni.

Swali la makala haya halimhusu Lowassa peke yake. Linamhusu yule anayebisha hodi. Karibu kila mwanasiasa wa Tanzania aliyewahi kutamani nafasi ya juu zaidi ana rafiki aliyemwambia kwanza kwamba anatosha, na hadharani husimulia kwamba yeye mwenyewe hakuwa na mpango. Ameombwa na wazee. Ameshauriwa na vijana. Ametafakari, amesali, amekubali. Kwa nini hadithi hii haichoki, na huyo rafiki anapata nini?

Enzi za kuitwa

Jibu linaanzia mbali kidogo. Katika mfumo wa chama kimoja mtu hakugombea urais, aliitwa. Mwaka 1985 Mwalimu Julius Nyerere alipoamua kung'atuka, Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Zanzibar, kiti alichokikalia Januari 1984 baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu. Majina yaliyokuwa yakitajwa pamoja na lake yalikuwa Salim Ahmed Salim na Rashidi Kawawa. Mambo yaliamuliwa vikaoni, na mwananchi wa kawaida akaletewa jina moja la kupigia kura ya ndiyo au hapana.

Katika utaratibu ule, kuutaka uongozi kwa kinywa chako mwenyewe kulikuwa aibu. Mwenye kuutaka alikuwa na uroho wa madaraka. Aliyefaa alikuwa yule aliyesita, akabembelezwa, akakubali kwa shingo upande.

Vyama vingi vilipokuja, utaratibu ukabadilika lakini adabu ile ikabaki. Mwaka 1995 kwa mara ya kwanza makada wa CCM walitakiwa kutoka hadharani, kuchukua fomu ya urais na kuijaza. Na mwaka huohuo Mwalimu, akiwa mstaafu lakini bado akisikilizwa kuliko walio madarakani, alizunguka akionya kwamba Ikulu ni mahali patakatifu, kwamba hapana biashara pale, na kwamba mtu anayeikimbilia kwa fedha aogopwe kama ukoma.

Mwanasiasa akabaki njia panda. Sheria ya chama inamtaka aseme anautaka urais. Maadili aliyolelewa nayo yanamwambia anayesema hivyo ndiye asiyefaa. Njia ya kutoka hapo ni kumpata mtu mwingine wa kuutaka kwa niaba yake.

> Aliyefaa alikuwa yule aliyesita, akabembelezwa, akakubali kwa shingo upande.

Ndege moja, fomu mbili

Urafiki uliotikisa siasa za nchi hii kuliko mwingine wowote wa kizazi chake ulionekana hadharani mwaka huo wa 1995. Jakaya Kikwete, Waziri wa Fedha mwenye miaka 44, na Edward Lowassa walikwenda Dodoma kuchukua fomu kwa ndege ya kukodi, pamoja. Vijana wawili, ndege moja, fomu mbili. Magazeti yakawapachika jina la kundi la waimbaji wa Marekani lililovuma enzi hizo, Boyz II Men.

Inasimuliwa kwamba makubaliano yao yalikuwa mepesi: atakayepita mchujo, mwenzake amuunge mkono. Jina la Lowassa halikupita. Mwalimu hakuficha kwamba utajiri wake ulimtia shaka. Kikwete akabaki, na rafiki yake akageuka kuwa mpiga debe.

Katika Mkutano Mkuu wa Julai 1995 Kikwete aliongoza duru ya kwanza kwa kura 534, Benjamin Mkapa akapata 459 na Cleopa Msuya 336. Duru ya pili, Mkapa 686, Kikwete 639. Tofauti ya kura 47. Aliyeshindwa alikubali bila kelele, na kukubali huko kulimjengea jina ndani ya chama kuliko ushindi ambao ungemtenga na wazee.

Mkapa naye hakuwa peke yake. Alikuwa na Mwalimu nyuma yake, na alikuwa na marafiki wa miaka yake ya uandishi wa habari, akiwamo Ferdinand Ruhinda, mwanahabari mwenzake aliyekuja kuwa balozi. Ruhinda ni mfano wa rafiki wa aina yake: watu wengi wa mitaani hawakulijua jina lake, na hilo halikuonekana kumsumbua hata kidogo.

Miaka kumi ya kusubiri

Kilichofuata ndicho kilichowafundisha wanasiasa wa leo kazi ya rafiki. Kwa miaka kumi, Kikwete akiwa Waziri wa Mambo ya Nje na mara nyingi angani kati ya Addis Ababa na New York, watu wake walikuwa chini wakifanya kazi. Walijua mjumbe yupi wa wilaya ipi ana msiba, nani amelazwa, nani ana mtoto anayetafuta nafasi ya shule. Kundi hilo likaitwa mtandao, na jina likabaki.

Ndani yake walikuwamo Lowassa, mfanyabiashara na mbunge wa Igunga Rostam Aziz, Samuel Sitta wa Urambo, Membe na wengine wengi waliokuwa bado vijana katika jumuiya za chama. Mwaka 2005 Lowassa hakuchukua fomu kabisa. Alimwachia rafiki yake njia nzima.

Tarehe 4 Mei 2005, ukumbi wa Chimwaga, Dodoma: Kikwete kura 1,072, Salim Ahmed Salim 476, Mark Mwandosya 122. Desemba mwaka huo Watanzania wakampa zaidi ya asilimia 80. Tarehe 30 Desemba Lowassa akaapishwa kuwa Waziri Mkuu. Sitta akawa Spika.

Hapa ni lazima kusema jambo ambalo wapenzi wa mtandao huliruka. Mtandao haukuwa mtaji wa mapenzi tu. Safari ile ilikuwa na majeruhi. Salim, mwanadiplomasia aliyeuongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwa miaka 12 na aliyewahi kukaribia ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alifuatwa na maneno ya chini kwa chini kuhusu ujana wake wa kisiasa Zanzibar. Rafiki anapoamini kwamba mtu wake ndiye pekee anayefaa, mpinzani huanza kuonekana adui wa taifa, na hapo ulimi hauna breki.

Wanachosema wapambe

Ukikaa na wapambe wa kambi yoyote, ya zamani au ya sasa, hoja zao hufanana, na si hoja za kupuuza.

La kwanza wanalosema ni kwamba hakuna anayefika peke yake. Nchi ni kubwa. Mwaka 2015 mwana CCM aliyeutaka urais alitakiwa kupata wadhamini 450 kutoka mikoa 15, mitatu kati yake ya Zanzibar. Mtu asiye na rafiki Pemba, asiye na mwenyeji Katavi, atawapata wapi? Magari, mafuta, malazi, mtu wa kupokea simu saa nane usiku: hayo yote hufanywa na marafiki, kwa sababu chama hakimpi mtia nia hata chupa ya maji.

Wanasema pia kwamba watu wazuri wengi husita kweli. Daktari bingwa, mwalimu wa chuo kikuu, mwanasheria mwenye ofisi yake: huyu anajua atatukanwa, atachimbuliwa, biashara yake itafuatiliwa. Bila rafiki wa kumsukuma, uwanja unabaki kwa wasiojali matusi. Katika hili nawaunga mkono, hasa ninapowafikiria wanawake. Mwanamke anayetajwa kwa nafasi ya juu huulizwa kwanza kuhusu ndoa yake, mumewe na mavazi yake, kisha ndipo aulizwe sera. Nimewasikia wanawake wenye uwezo wakikataa hata udiwani kwa sababu hiyo. Kwa mtu kama huyo, rafiki anayesema jaribu, tuko nyuma yako, anafanya kazi ambayo chama kilipaswa kuifanya.

Na wanasema jambo la tatu, kwa sauti ya chini: uaminifu hautangazi zabuni. Mtu anamwamini aliyelala naye bweni moja, aliyekwenda naye jeshini, aliyemzikia mama yake. Watanzania walizoea kusikia kwamba Kikwete na Lowassa hawakukutana barabarani.

Upande wa pili

Wanaowapinga wapambe huanza na swali la tumbo. Rais wa Tanzania huteua wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, makatibu wakuu, mabalozi na wenyeviti wa bodi za mashirika ya umma. Katiba inampa nafasi ya kuteua hadi wabunge 10. Hakuna ofisi nyingine nchini inayoweza kubadilisha maisha ya mtu kwa taarifa ya saa mbili usiku. Kwa hiyo anayemshawishi rafiki yake kugombea urais hamwombei rafiki tu. Anajiombea na yeye.

Ndiyo maana, wanasema wakosoaji, ushawishi mwingi huwa ni maigizo. Kundi linalokuja kubembeleza limepewa nauli na mtu fulani. Bango limeandikwa na fundi mmoja. Risala imepigwa chapa kabla wazee hawajaamua kuiandika. Na bahasha ya mchango wa fomu, je, imetoka kweli mifukoni mwa wauza mitumba, au imepita tu mikononi mwao ikienda kupigwa picha?

Sidhani kwamba kila bahasha ni ya uongo. Nimewaona watu wasio na kitu wakichanga kwa moyo mmoja, mia tano mia tano, kwa mtu ambaye hatawahi kuwajua kwa majina. Lakini shida ni kwamba ukiwa nje huwezi kuzitofautisha bahasha hizo mbili, na wanaoandaa mambo haya wanalijua hilo vizuri.

> Anayemshawishi rafiki yake kugombea urais hamwombei rafiki tu. Anajiombea na yeye.

Sheria nayo inachechemea. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila kwa wapigakura, mpaka Mahakama Kuu ilipoitupa Aprili 2006 kutokana na kesi ya mashirika ya haki za binadamu na mazingira. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo Kikwete aliisaini hadharani kwa shamrashamra. Inataka wagombea na vyama waeleze fedha zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Lakini fedha za rafiki hutembea mapema. Zinafanya kazi mwaka mmoja au miwili kabla ya fomu, wakati ambapo mtu wake, kwa maneno yake mwenyewe, hajaamua chochote. Utamdai hesabu za kampeni mtu ambaye bado anaombwa?

Katazo la chama la kuanza kampeni mapema nalo, ukilitazama vizuri, limemwongezea rafiki thamani. Mwanasiasa akifungwa mdomo, anayebaki na mdomo ni rafiki.

Rafiki akikalia kiti

Februari 2008 kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk Harrison Mwakyembe iliwasilisha ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Tarehe 7 mwezi huo Lowassa alisimama bungeni, akalalamika kwamba hakupewa nafasi ya kusikilizwa, akasema amebaini kinachotakiwa ni uwaziri mkuu, akatangaza kujiuzulu. Aliyekuwa amekalia kiti cha Spika ni Sitta. Barua ya kujiuzulu ilikwenda kwa Kikwete. Marafiki watatu wa mtandao mmoja, miaka miwili na ushei tangu washinde pamoja.

Mwaka 2011 chama kikaja na kampeni ya kujivua gamba, yaani kuwataka waliotuhumiwa ufisadi waachie nafasi zao. Rostam akajiuzulu ubunge wa Igunga Julai mwaka huo, akisema amechoshwa na siasa uchwara. Lowassa akakaa kimya, akasubiri. Akina mama wa Monduli, waumini waliomwalika kwenye harambee, vijana waliojiita marafiki wa Lowassa: polepole yeye naye akajengewa mtandao, na mafundi wake wengi walikuwa walewale waliojenga ule wa kwanza.

Mei 30, 2015, kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, alitangaza nia na kuiita Safari ya Matumaini. Watu walijaa mpaka nje. Alipozunguka kutafuta wadhamini, chama kikihitaji 450, yeye alirudi na maelfu kwa maelfu.

Kisha ukafika usiku wa Julai 10 mjini Dodoma. Mwenyekiti wa chama alikuwa Kikwete. Makada 42 walikuwa wamechukua fomu, na Kamati Kuu ikatoka na majina matano: John Magufuli, Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. La Lowassa halikuwamo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka mbele ya waandishi wa habari kusema hawakubaliani, kwa sababu watia nia wengine hawakujadiliwa kikaoni. Wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba mbele ya mwenyekiti kwamba wana imani na Lowassa. Mwenyekiti akasikiliza, akaendelea na ajenda.

Membe, rafiki mwingine wa Kikwete ambaye wengi walidhani ndiye chaguo lake, alikatwa kesho yake Halmashauri Kuu. Tarehe 12 Julai Magufuli, mtu ambaye hakuwa na mtandao wa kuelezeka, alipata kura 2,104. Kura za kambi mbili zilizokuwa zikipigana kwa miaka ziliangukia kwa asiye na kambi.

Mpaka leo watu hubishana juu ya usiku ule. Wapo wanaosema Kikwete alimtupa rafiki aliyembeba. Wengine husema alifanya kile ambacho kiongozi hana budi kukifanya, kwamba deni la urafiki halilipwi kwa mali ya umma. Mimi naona wote wawili wanakosea mahali pamoja: wanadhani kulikuwa na ahadi, na kwamba tunaijua. Hakuna aliyewahi kuweka mezani karatasi ya makubaliano ya zamu. Kilichokuwapo ni matarajio, na matarajio ya mpambe ni makali kuliko mkataba kwa sababu hayana kifungu cha kuyavunja.

Mzee aliyebaki

Katika vumbi lote la 2015 kuna mtu mmoja ambaye hakufanana na picha ya mpambe anayetafuta ulaji. Kingunge Ngombale-Mwiru alikuwa na miaka 85. Alikuwa mwana TANU kabla wengi wa wagombea hawajazaliwa, mwalimu wa itikadi wa chama, waziri wa awamu zaidi ya moja. Hakuwa na wilaya ya kuombea wala mtoto wa kumtafutia ubalozi kwa bei hiyo.

Alimuunga mkono Lowassa Arusha. Jina lilipokatwa alisema wazi kwamba taratibu za chama zimekiukwa, na hakuiacha kauli hiyo hata baada ya wengi kuhesabu hasara na kurudi kundini. Tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi, alitangaza kuondoka CCM. Hakujiunga na chama kingine, lakini alipanda majukwaani kumwombea kura Lowassa, ambaye tangu Julai 28 alikuwa Chadema akiwakilisha Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani.

Kwa Chadema kwenyewe, ujio huo ulivunja urafiki mwingine. Dk Willibrod Slaa, katibu mkuu aliyekuwa akitarajiwa kubeba bendera kama alivyoibeba mwaka 2010, aliachana na siasa za vyama. Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Kumshawishi mmoja agombee ni kumwambia mwingine akae pembeni, na mara nyingi huyo wa pili ndiye aliyekuwapo siku zote za njaa.

Lowassa alipata kura milioni 6.07, karibu asilimia 40, kura nyingi kuliko mgombea yeyote wa upinzani kabla yake. Magufuli alipata asilimia 58. Kingunge alifariki dunia Februari 2, 2018. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM kwa maneno machache sana. Akafariki Februari 10, 2024, na mstari wa viongozi waliokwenda kumzika Monduli ulikuwa na sura za kambi zote.

Kwa hiyo Kingunge alipata nini? Hakupata cheo, na chama alichokitumikia maisha yake yote alikiacha mlangoni pa kaburi. Wapo wanaomwona alipotoka uzeeni. Wapo wanaomwona rafiki pekee wa kweli katika hadithi nzima. Ukiwauliza vijana wa siasa wa leo wangependa kuwa Kingunge au wangependa kuwa mmoja wa wale waliorudi kundini mapema na baadaye wakateuliwa, wengi hucheka kwanza.

> Kumshawishi mmoja agombee ni kumwambia mwingine akae pembeni.

Ng'ambo ya Namanga

Majirani wana toleo lao. Oktoba 14, 2002, Uhuru Park, Nairobi, Raila Odinga aliwaambia maelfu ya watu kwamba Kibaki anatosha, Kibaki tosha, na kwa maneno hayo akamaliza ubishi wa nani aibebe bendera ya upinzani dhidi ya KANU. Hawakuwa marafiki wa utotoni. Walikuwa wanasiasa waliohitajiana. Nyuma ya tamko kulikuwa na hati ya maelewano kuhusu mgawanyo wa vyeo.

Kibaki alishinda Desemba. Hati haikuheshimiwa kama upande wa Raila ulivyotaka, na kufikia kura ya maoni ya Novemba 2005 wawili hao walikuwa kambi mbili zilizotambulika kwa alama zake, ndizi na chungwa. Wakenya waliandika deni lao kwenye karatasi, Watanzania wakaliacha moyoni. Karatasi haikusaidia.

Rafiki wa kukataza

Katika habari zote hizi za kubembeleza na kuchanga, mtu mmoja hatajwi: rafiki aliyesema usigombee. Lazima wapo. Kila mtia nia mwenye madeni, mwenye presha, mwenye jambo lililolala faili fulani, ana mtu aliyemketisha sebuleni na kumwambia muda si wako. Huyo hapigwi picha. Ushauri wake ukifuatwa, hakuna habari ya kuandika. Usipofuatwa na mambo yakaharibika, hawezi kujisifu msibani.

Wajumbe wa mikutano ya uteuzi wanamjua, kwa sababu wao ndio humalizia kazi yake. Baada ya kura za maoni za 2020 utani wa kwamba wajumbe si watu ulienea kutoka kwa walioshindwa kwa kura mbili, tatu, wakati mwingine sifuri. Mtu alikuwa na marafiki mia mbili kwenye kundi la WhatsApp lililomwita mheshimiwa mtarajiwa. Wote walimwambia anatosha. Waliolipwa nauli walipiga kura kwingine.

Wakati huu wa karibuni, kubembeleza kumeingia ukumbini kwenyewe. Januari 2025, Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM ulikutana Dodoma. Hoja ikatoka kwa wajumbe kwamba Rais Samia Suluhu Hassan apitishwe palepale kuwa mgombea urais wa Muungano, miezi kadhaa kabla ya msimu wa fomu. Ikapita. Dk Nchimbi, yule aliyetoka kupinga utaratibu Julai 2015, akapitishwa kuwa mgombea mwenza. Wasira, mmoja wa sita waliofungiwa mwaka 2014 kwa kujipitisha mapema, alichaguliwa katika mkutano huohuo kuwa Makamu Mwenyekiti.

Wanaoutetea uamuzi huo wanasema Mkutano Mkuu ndicho chombo cha juu kabisa, na kwamba kumpitisha mapema kulizuia makundi na fedha chafu za watia nia arobaini. Wanaoupinga wanasema mwanachama mwingine yeyote aliyekuwa akifikiria kuchukua fomu alifungiwa mlango kabla hajapata rafiki wa kumshawishi. Humphrey Polepole, aliyewahi kuwa Katibu wa Itikadi na Uenezi, alijiuzulu ubalozi wa Cuba Julai 2025 na kuukosoa utaratibu huo waziwazi. Kada mmoja wa Kilimanjaro, Dk Godfrey Malisa, alikuwa ameshaupinga miezi mitano kabla yake. Chama mkoani humo kilimvua uanachama.